Tabaka la Jumamosi

Nilichaguliwa kuwa mratibu wa uchimbaji kwa sababu sikuhudhuria mkutano. Chuoni kwetu ndivyo mambo yalivyokuwa: aliyefika alipewa chai, asiyefika alipewa kazi. Siku hiyo nilibaki nyumbani Yoba, mtaani kwetu Gitega, nikihangaika na bomba la maji lililopasuka, na jioni mwenzangu mmoja akasimama getini kunipongeza. Nikamshukuru, nikamwambia halikuwa jambo kubwa, lilihitaji tu kipande cha mpira na waya. Alinitazama kwa huruma ambayo niliielewa kesho yake.

Kwa kazi hiyo sikufaa hata kidogo. Mimi ni mtu wa historia ya karatasi. Nilisoma kwanza Tanzania, katika kambi ya wakimbizi na baadaye nje ya kambi, kisha nikarudi Burundi pamoja na watu wengine waliokuwa wakirudi, nikasoma tena. Na katika masomo yote hayo kitu kikongwe kuliko vyote nilichowahi kushika kilikuwa barua ya posta. Udongo niliujua kama anavyoujua mtu yeyote mwenye viatu vyeusi. Sasa niliambiwa kwamba chuo na makumbusho vitashirikiana kufundisha akiolojia, si darasani bali huko huko vilimani, mahali penyewe walipoishi watu wa kale, na kwamba mimi ndiye nitakayeshika pande zote mbili zisigombane.

Zilikuwa zimeshagombana. Chuo kilikuwa na wanafunzi na hakikuwa na vifaa. Makumbusho yalikuwa na gari, miiko ya kuchimbia, brashi na machujio, na hayakuwa na wanafunzi. Mtu angedhani ndoa kama hiyo inafungwa kwa siku moja. Lakini sisi wa chuo tulitaka kuchimba ili vijana wajifunze kusoma udongo, na wenzetu walitaka tuchimbe ili kipatikane kitu cha kuwaonyesha watoto wa shule. "Udongo haionyeshwi," aliniambia mwakilishi wao siku ya kwanza. "Mutoto akikuja makumbusho, unamuonyesha nini? Unamwambia angalia hii vumbi?"

Mwakilishi huyo alikuwa mama wa makamo kama mimi, Mwislamu wa mjini Gitega, binti wa fundi cherehani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini kwetu, kisichosumbuka na ngeli. Changu kilikuwa cha Tanzania, kinachosumbuka nazo mno. Kila mmoja aliamini mwenzake anaongea vibaya, na kwa sababu hiyo tulielewana vizuri sana. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita mwalimu wa karatasi.

Tulianza Buraza, mkoani Gitega. Mahali pa kuchimba nilipachagua mwenyewe, kwa kufuata ramani, nikiwa nimevaa kofia niliyoinunua kwa ajili ya shughuli hiyo. Tulipata mawe. Yalikuwa mawe mazuri, na hadi leo sijui ni ya nini. Dada wa makumbusho aliokota moja, akaligeuza, akaniuliza kwa upole kama nataka alifungie kwenye kabati la kioo na jina langu chini yake.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi mmoja, msichana mkimya aliyezaliwa kambini Tanzania. Alisema kwamba nyumbani kwao Gasorwe, mkoani Muyinga, kuna duara la miti ya mivumu juu ya kilima, ile mikubwa inayoanza maisha kama nguzo za ua na kuamua kuishi. Penye mivumu ya namna hiyo paliwahi kuwa na boma la mtu mwenye cheo. Na kila mvua ikinyesha, alisema, njia ya kwenda mtoni inatoa mavi ya chuma.

"Inatoa nini?" nikauliza.

"Mavi ya chuma, mwalimu. Yale mabonge yanayobaki mhunzi akishayeyusha mawe yake."

"Nilijua," nikasema, nikaandika.

Msimu uliofuata tulichimba Gasorwe, na kila mwanafunzi alipewa shimo lake la mraba lenye kamba na vigingi. Wengine walimaliza, wakapima, wakafukia. Shimo la msichana huyu ndilo lililozaa. Alishuka polepole kwa mwiko na brashi, tabaka kwa tabaka, hadi akakuta sakafu ya udongo uliopigwa ukawa mgumu kama tofali, na juu yake majivu ya jiko. Alipokata sakafu upande mmoja, chini yake palikuwa na mabonge ya wahunzi na vigae vyao vyenye nakshi ya kamba. Juu ya sakafu palikuwa na vigae vya vyungu vyenye nakshi ya kamba nyembamba kidogo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuthibitisha: wahunzi walitangulia, boma likaja juu yao, na vyungu vya wale wa chini havikufanana na vya wale wa juu. Hoja nzima ilisimama juu ya kujua kila kigae kilitoka tabaka gani. Kigae kikishapoteza tabaka lake ni kama msafiri aliyeshushwa kituoni asiyekumbuka alikopandia gari. Ni mtu mzima, ana afya, lakini hana la kukueleza.

Tulikubaliana atetee kazi yake ya mwisho pale pale, kando ya shimo, mbele ya jopo la chuo na makumbusho. Lilikuwa wazo la dada, na nililipinga mpaka likawa langu. Profesa mmoja mzee alikubali kuja kutoka Bujumbura kuongoza jopo. Alikuwa akija mara chache, na mwanafunzi aliyeanguka mbele yake alisubiri sana kabla ya kumwona tena. Kwa huyu wa kwetu kusubiri kulikuwa na gharama. Makumbusho yalikuwa yanatafuta mtu wa kuwatembeza watoto wa shule kwenye maeneo ya kihistoria na kuwafundisha, na walimtaka yeye, ila kwanza awe na shahada mkononi. Hawakuwa na uwezo wa kumngoja.

Mama yake aliishi karibu kabisa na mivumu ile. Alibebwa mgongoni kutoka kilima hicho akiwa mchanga, akakulia Tanzania, akaolewa na kufiwa huko huko, akarudi na watoto wake kwenye kipande cha shamba la baba yake. Jirani waliwaita Watanzania. Hawakuwa na ubaya nao. Wengi waliwasalimu, lakini kwa salamu ile fupi anayopewa mpita njia. Mama huyu alitupikia msimu mzima, akasikiliza maneno yetu yote juu ya matabaka, akaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia mahubiri ya kanisa la wengine.

Ijumaa kabla ya utetezi sote tulishuka Gitega. Mwanafunzi alikuwa na kazi ya kuchapisha na mimi nilikuwa na profesa wa kumtafutia chumba chenye maji ya moto. Wakati wa kuondoka nilimsikia akimwambia mama yake, "Mama, utuangalizie pale. Jumatatu wakubwa wanakuja kupaona."

"Usiwe na wasiwasi," mama akajibu. "Watapaona."

Jumapili mchana tulirudi watatu, tukapitia Karuzi, dada akiendesha mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na klachi ile. Tulipokata kona ya mwisho alipunguza mwendo.

"Hapa iko harusi ya nani?"

Penye njia ya kupandia kilimani palisimama tao la migomba miwili, mikungu yake ikining'inia, limepambwa maua mekundu kutoka juu hadi chini. Njia ilikuwa imefagiliwa, na kingo zake zimepangwa mawe. Tulishuka, tukapita chini ya tao kama maharusi watatu. Juu, katikati ya mivumu, palikuwa na uwanja ulionyooka kama meza, umetandazwa majani mabichi ya kukaribishia wageni, na juu ya majani viti vya plastiki vya kanisa vilivyopangwa safu. Kiti cha katikati kilivikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

Mama alitoka nyumbani amejifunga imvutano, lile vazi la sherehe linalofungwa begani. Uso wake uling'aa.

"Mmeonaje?"

Mwanafunzi aliangalia huku na huku. "Mama," akasema polepole, "shimo liko wapi?"

"Shimo gani?"

"Shimo langu."

"Ah, lile! Tumeliondoa."

Tuliangaliana sisi watatu. Mama alidhani tumezidiwa na furaha.

"Jana ilikuwa Jumamosi ya kazi za pamoja," akaendelea. "Kila Jumamosi wanatengeneza barabara. Nikamwendea mkuu wa kilima, nikamwambia, jamani, Jumatatu binti yangu ana wageni kutoka chuo na makumbusho, na uani kwao pana shimo! Watu wazima na suruali zao, uwaketishe wapi? Si aibu ya kilima kizima hiyo? Basi wakaja. Wote! Kwa majembe, kwa vikapu, mpaka wale wa ng'ambo ya mto. Tulilishindilia kwa miguu, tukacheza na ngoma kidogo ili likae vizuri."

"Bon," dada wa makumbusho akasema. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, juu ya kitambaa. "Mi naomba maji."

"Na vigae?" mwanafunzi akauliza. "Mifuko iliyokuwa stoo?"

"Hivyo ndivyo utakavyovipenda!" Mama akatushika mikono, akatupeleka nyuma ya jiko. Juu ya mkeka mpya vililala vigae vyote, vimesuguliwa kwa sabuni, vimepangwa kwa ukubwa kutoka kikubwa hadi kidogo, na vile vya nakshi vikiwa katikati kama ua. "Ulikuwa umevihifadhi na uchafu wake, mwanangu! Nimekufichia siri hiyo, sikumwambia mtu. Na vikaratasi vilivyokuwa ndani ya mifuko sikuvitupa, nilijua ni vya maana. Nimevikunja vizuri vyote pamoja, viko kwenye kopo."

"Viko safi kweli," dada alisema nyuma yetu. Nilimkanyaga mguu. "Nini? Si viko safi?"

Mwanafunzi alisema asante, mama. Kisha akatembea hadi nyuma ya migomba na kusimama huko akiwa ametugeuzia mgongo. Mama alimfuata kwa macho, na niliona jinsi mng'ao wa uso wake ulivyoondoka kidogo kidogo.

"Mwalimu, nimemharibia?"

"Si sana," nikasema.

"Ukisema si sana, mwalimu, basi ni sana."

Alikaa chini pale pale na vazi lake la sherehe.

Hapo nilitoa ushauri, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea. Nilimfuata mwanafunzi nyuma ya migomba nikamwambia tuna alasiri nzima. Tufukue shimo lote hadi sakafuni, kwa kuwa michoro na vipimo vyake vipo. Vigae tuvirudishe mifukoni kwa kukisia, tukae kimya, na mungu wa akiolojia, kama yupo, ataelewa. Mbinu hiyo niliiita "kukisia kisayansi".

"Profesa akichukua kigae akaniuliza kilitoka wapi?"

"Utamjibu."

"Nitamjibu nini, mwalimu?"

Nilifikiri. Nikaanza sentensi ndefu yenye neno "mkabala" ndani yake.

"Mwalimu," dada alidakia, kwani naye alikuwa ametufuata na glasi yake mkononi, "we nyamaza kidogo. Ukunywe maji."

Nilikunywa maji. Mwanafunzi aliendelea kutazama uwanja ule uliofagiliwa, viti vyake na kitambaa chake, kwa macho ambayo nilikuwa nimeyaona msimu mzima akiwa amepiga magoti shimoni. Alikuwa anapima.

"Tutafukua nusu," akasema.

"Nusu gani?"

"Nusu moja tu. Nusu nyingine tuiache kama walivyoifanya. Na viti msivitupe mbali."

Habari ilienea kilimani haraka kuliko tulivyotaka. Watu walikuwa wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wakaja na majembe yao, tayari kurekebisha. Mwanafunzi akasimama katikati ya uwanja akawaomba wasichimbe. Yeye peke yake atachimba, kwa mwiko. Wao watabeba udongo.

"Kwa kijiko hicho?" mwanamume mmoja akauliza. "Utafika Krismasi."

"Jana mnatuambia fukia, leo fukua," mwingine akadakia. "Kesho mtatuambia nini, tuhame?"

"Wewe jana hata hukushika jembe, ulishika ngoma!"

"Ngoma nayo ni kazi! Uliza mkono wangu."

Walibeba. Vikapu vilipita kutoka mkono hadi mkono, na mama wa mwanafunzi alikuwa wa kwanza katika safu, bado na imvutano yake, haongei. Nilibeba vikapu vichache mimi pia, hadi bibi mmoja aliponiondolea kikapu kichwani na kuniambia kwa heshima nikae, kwa sababu nawachelewesha.

Kabla jua halijashuka mwanafunzi alikuwa amefika tena kwenye sakafu yake ngumu, upande mmoja. Katikati ya shimo alikuwa ameacha ukuta ulionyooka, na katika ukuta huo ungeweza kuona kila kitu: ukanda wa majani mabichi juu kabisa, chini yake ukanda mwembamba uliofagiliwa na kushindiliwa, kisha udongo wa mchanganyiko wenye mabonge ya rangi zote kama ugali ulioshindikana, na chini kabisa mstari mkali pale mchanganyiko ulipoisha na sakafu ya kale ilipoanza. Na ndani ya ule mchanganyiko, kisigino kikichungulia nje ya ukuta, kandambili ya bluu.

"Hiyo yangu!" akapiga kelele yule aliyemwambia atafika Krismasi. "Nimeitafuta tangu jana!"

"Sikupi," mwanafunzi akasema.

"Kwa nini? Ni kandambili yangu!"

"Kesho jioni. Sasa hivi iko kwenye ukuta wangu."

"Nitembee na mguu mmoja?"

"Tembea polepole."

Kilima kizima kilicheka, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nilimwona naye akicheka.

Jumatatu profesa alifika na suti ya rangi ya udongo, jambo nililoliona kuwa la busara. Alikuwa mzee mfupi asiyependa kusaidiwa kupanda. Alisimama mbele ya tao la migomba akaniuliza kwa Kifaransa kama ni harusi, "C'est un mariage?" Nikamwambia hapana, ni mtihani. Akasema tofauti ni ndogo, akapita.

Watu walikuwa wamejaa kandokando ya mivumu. Mwanafunzi alianza kwa Kifaransa, kama kanuni zinavyotaka, lakini profesa alimsimamisha baada ya sentensi ya pili. Alisema hawa wote hawakuja kumtazama yeye profesa akiitikia kwa kichwa. Basi akaendelea kwa lugha ya pale, Kirundi na Kiswahili vikipishana njiani. Aliwaonyesha sakafu, jiko, na mabonge ya wahunzi. Aliongea vizuri. Kisha profesa akaenda kwenye mkeka wa vigae, ambao mama alikuwa ameuleta kando ya shimo, akainama, akachukua kigae cha nakshi, kile cha katikati ya ua.

"Mademoiselle. Hiki kilitoka tabaka gani?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mama yake. Aliushika ukingo wa kiti changu.

"Sijui, profesa."

"Hujui?"

"Nilijua hadi Ijumaa. Vigae vimechanganyika. Najua vyote vilitoka shimo hili. Zaidi ya hapo sijui, na hoja yangu juu ya vyungu siwezi kuithibitisha tena. Nimeiondoa. Nimebaki na sakafu, jiko, na mabonge yaliyo chini yake."

Profesa alirudisha kigae mahali pake, taratibu. Alikuwa amekwisha kuangusha watu kwa makosa madogo kuliko hayo. "Donc, kazi yako ni nusu."

"Ni nusu ya ile niliyotarajia. Lakini kuna tabaka ambalo halikuwepo kwenye karatasi niliyowatumia."

Akaenda kwenye ukuta. Kwa ncha ya mwiko akaonyesha ukanda wa majani. "Hili naliita tabaka la Jumamosi."

Kukawa na mnong'ono.

Akalieleza kama alivyoeleza la wahunzi, bila kutabasamu. Alionyesha alama za majembe pembeni mwa shimo, pana na nyembamba, maana yake watu walikuja kila mmoja na jembe lake. Alionyesha jinsi udongo ulivyoshindiliwa kwa miguu isiyo na viatu, kwa mpigo unaofuatana, na akasema angekuwa mtafiti wa karne zijazo angeandika kwamba hapa palichezwa. Alisema udongo huu haukuporomoka wenyewe wala haukuletwa na mvua. Uliwekwa siku moja, na watu wengi, kwa ajili ya kupokea wageni. Yeyote atakayechimba hapa siku nyingine na kukuta sakafu ya kale imevunjwa upande mmoja asidhani ni vita. Asome ukuta huu kwanza.

"Na kile?" profesa akauliza, akiinamia kandambili.

"Kinatupa umri wa tabaka."

"Una uhakika na umri huo?"

"Mwenyewe yuko hapa."

Katika umati mguu usio na kiatu ukainuliwa juu. Profesa aliutazama kwa muda, kisha akatoa miwani yake akaifuta kwa nguvu, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Jopo lilipaswa kujitenga ili kujadili. Mahali pekee pa kujitenga palikuwa nyumba ya mama, na pale hakuna anayejadili lolote kabla ya kula. Tulipewa wali wa nazi wa Kitanzania, maharage, isombe, yaani kisamvu, na dagaa wanaoitwa kwetu ndagala, na mwenye nyumba akatoka nje na kufunga mlango kabisa, asije akaambiwa alisikiliza. Profesa alisema, kijiko mkononi, kwamba mwanafunzi ana kipaji ila kanuni ni kanuni: ushahidi umepotea, hoja kuu imeanguka, arudi msimu ujao.

Mimi nilisema mambo mengi. Nadhani nilitumia tena lile neno "mkabala".

Dada alisubiri nimalize, kwa uvumilivu wa mtu aliyelelewa kati ya cherehani. "Profesa," akasema, "mi niko na miaka mingi na vigae. Kila mutu aliniletea kigae, alikuwa anajua kila kitu. Ni ya mufalme gani, alikunywa nini ndani. Huyu mutoto ndiyo wa kwanza kunisimamia mbele akasema hajui. Mi ni huyo namutaka na watoto ya shule. Mi sitaki mwingine."

"Madame, makumbusho yalitaka vitu vya kuonyesha, si hivyo? Hapa hakuna kitu."

"Iko ukuta."

"Ukuta ni udongo."

"Eeh, ni udongo," dada akasema, na aliniangalia mimi, kwa jicho kali linaloonya mtu asithubutu kukumbuka lolote. "Udongo inaonyeshwa, kama mutu anajua kuionyesha."

Profesa alikula ndagala chache. Aliuliza kama wali umebaki. Kisha akasema kwamba kazi inapita, si kwa sifa za juu lakini inapita, kwa sharti moja: lile tabaka la juu lichorwe na kuelezwa kikamilifu kama mengine, kwa kuwahoji walioliweka wangali hai, jambo ambalo hakuna mwanaakiolojia mwenzake aliyewahi kubahatika nalo. Alitoka nje akatangaza. Vigelegele vilianza upande wa jikoni, vikazunguka mivumu yote.

Mwanafunzi alimkuta mama yake amesimama peke yake kando ya mkeka wa vigae, hapigi makofi wala vigelegele.

"Umepita?"

"Nimepita, mama. Kwa sharti."

"Sharti gani tena? Nirudishe uchafu?"

"Nichore Jumamosi yenu. Kaa hapa unisimulie. Nani alifika wa kwanza?"

Mama alikaa, akatazama majani yaliyokanyagwa. Alitaja jirani wa chini, yule mwenye ng'ombe mweusi.

"Yule ambaye hatusalimii?"

"Huyo huyo. Jua lilikuwa halijapanda bado. Nilidhani amekuja kugomba juu ya mpaka wa shamba."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliuliza tu, huyo binti yenu wageni wake ni wangapi." Aliusogeza mkono wa binti yake ulioshika kalamu hadi kwenye karatasi. "Andika alikuja na jembe lake mwenyewe."